Mlango wa Nne wa Kitabu cha Mundhir

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Wasit, nchi ya Iraki, aliishi mja mwema aitwaye Mundhir bin Wahab. Kazi ya mikono yake ilikuwa kushona viriba, ile mifuko ya ngozi ya kubebea maji. Kazi ya moyo wake ilikuwa kuandika. Alitunga visa na beti kuhusu waja wa Mungu ambao hakuna aliyewahi kuwaandika: mchota maji aliyekuwa akiwasalimia vipofu wa mji mmoja mmoja kwa majina yao, mjane aliyekuwa akimwombea dua jirani aliyemwibia kuku, na wengine wa namna hiyo. Kwa miaka tisa alishona na kuandika, kuandika na kushona, mpaka kitabu kikatimia milango saba.

Hapo ndipo mtihani wake ulipoanza. Maana, ndugu zangu, kuandika ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni kumpata wa kusoma.

Zama zile muuza vitabu alipokipenda kitabu aliwapa wanakili wake wakakiandika kwa mkono, nakala baada ya nakala. Asipokipenda, kitabu kilikufa pamoja na mwenyewe. Mundhir akafunga chake kwa kitambaa safi akaenda sokoni. Muuza vitabu wa kwanza alikipapasa, akasema karatasi ni nzuri, na kuhusu maandishi hakutia neno. Wa pili alimwambia kuwa watu wanataka visa vya wafalme, nani atakaa asome habari za mchota maji? Wa tatu hakukifungua kabisa. Alimwuliza kama anaweza kumzibia kiriba chake. Mundhir akamzibia, kwa kuwa kiriba kilikuwa kinavuja kweli, kisha akarudi nyumbani na kitabu kwapani.

Wa nne alikuwa mzee Jabala, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Yeye alikifungua kwa nyuma.

"Ndugu yangu Mundhir," alisema, "kitabu chako sijui ni kizuri au kibaya. Mimi huanza na ukurasa wa wasikilizaji, na wako ni mtupu."

Ilikuwa desturi ya watu wa elimu kwamba mtunzi hukisoma kitabu chake msikitini mbele ya watu, tangu bismillahi mpaka amina, na mwishoni huandika majina ya waliokisikia. Sharti lake ni kwamba mtu aandikwe kwa alichokisikia tu, wala si zaidi. Mundhir, kwa unyenyekevu wake, au tuseme kwa woga wake, hakuwahi kumsomea mtu.

Basi akajipa moyo. Akakaa penye nguzo moja ya msikiti baada ya sala ya alasiri, akaanza kusoma, mlango mmoja kwa siku. Siku ya kwanza walikuja watu kumi na mmoja, na miongoni mwao kadhi wa mji, aliyesikiliza kurasa mbili akainuka. Siku ya pili walikuja wanne. Karibu na mihrabu palikuwa na mhubiri mwenye sauti kubwa aliyejua kuwaliza watu, na huko ndiko wote walikohamia. Kuanzia siku ya tatu alibaki msikilizaji mmoja, naye ni Raita binti Asim, mkewe, aliyekaa nyuma ya nguzo akisokota uzi wake.

Siku ya nne Mundhir aligeuza ukurasa akamwona Raita amelala, kichwa kimeegemea nguzo, na uzi umemwangukia mapajani. Akamwonea huruma. Tangu alfajiri alikuwa kwa jirani aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Mundhir akapunguza sauti asimwamshe, akaendelea kuisomea nguzo mpaka mlango ukaisha.

Kitabu kilipokwisha kusomwa, akachukua kalamu aandike majina. Na Shetani, laana iwe juu yake, hakuja na pembe wala mkia. Alikuja na busara. Akamnong'oneza: jina la kadhi likitangulia, hakuna duka litakalokufungia mlango. Na kadhi si alikuja? Si alikaa? Mundhir akachovya kalamu. Akamgeukia mkewe.

"Mke wangu, nikimwandika kadhi nitakuwa nimesema uongo?"

"Mwandike kurasa mbili."

"Nikiandika kurasa mbili watajua aliondoka."

"Kwani hakuondoka?"

Mundhir akashusha pumzi. "Basi nitakuandika wewe peke yako. Wewe umesikia chote."

"Sikusikia chote," alisema Raita. "Mlango wa nne nililala."

"Ulikuwa umechoka, Mungu akulipe. Ulitoka kwa jirani."

Raita aliweka uzi wake chini. Alimpenda sana mume huyu, na kwa miaka ishirini hakuwahi kumficha kitu, hata pale ambapo mke mwingine angenyamaza.

"Mume wangu, siku ya tano nilichoka kuliko siku ya nne, na sikulala. Kilichonilaza ni mlango wenyewe."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote aliyoambiwa sokoni. Kukataliwa na mgeni ni jambo moja; huyu ni mwenzako wa ndani. Kwa siku mbili Mundhir hakuzungumza nyumbani ila habari za chumvi na kuni. Siku ya tatu akajaza beseni maji, akakaa mbele yake na kitabu magotini, maana wino wa zama zile ulitoka ukioshwa, na karatasi ikatumika tena. Miaka tisa ilikuwa inangoja kuloweshwa.

Raita akamkuta hapo. Hakumpokonya kitabu. Akakaa upande wa pili wa beseni.

"Ukikiosha," alisema, "utakuwa umemwosha mchota maji na yule mjane. Wao wamekukosea nini?"

"Wauza vitabu watatu wamekikataa. Na wewe ni wa nne."

"Mimi sijakikataa. Waliokikataa hawakukisikiliza hata wakafika pa kulala."

Mundhir akamtazama mkewe, na bila kutaka, akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na katika machozi yale yalikuwemo ya uchungu. Kisha akatawadha kwa maji yale yale ya beseni, akasali rakaa mbili, akamwomba Mola wake ampe subira, na akaufungua mlango wa nne ausome kama mtu asiyemjua aliyeuandika.

Akaona aibu. Katika mlango ule hapakuwa na mchota maji wala mjane. Palikuwa na maneno magumu yaliyopangwa kwa fahari, na hoja za kuonyesha kwamba mshona viriba naye amesoma. Aliuandika huku jicho moja likiwatazama makadhi. Mke wake, bila kujua hayo, alilijibu jicho lile kwa usingizi.

Akauandika upya tangu Rajabu hadi Shaabani. Akamsomea Raita, na Raita, maskini, alijikaza, akajifinya, akalala. Mundhir hakununa safari hii. Akauandika mara ya tatu, akatupa fahari yote, akasimulia habari za mwosha maiti mmoja aliyekuwa akiwaomba radhi maiti wake kila maji yalipokuwa ya baridi. Alipomsomea akafika kati, uzi wa Raita ulisimama. Mundhir akakatiza kusoma atafute ukurasa.

"Ikawaje?" aliuliza Raita. "Soma, bwana, usinikatie hapo."

Mundhir akaandika ukurasa wa mwisho, na huu ndio wote: *Kitabu hiki amekisikia Raita binti Asim, mke wa mtunzi. Mlango wa nne alilala. Ukaandikwa upya, akalala tena. Ukaandikwa mara ya tatu, hakulala. Kadhi wa mji alisikia kurasa mbili, akaenda zake kwa heri.*

Akampelekea mzee Jabala. Mzee akafungua kwa nyuma kama ada yake, akasoma, akarudia kusoma. Mundhir alikuwa akitazama ncha za viatu vyake.

"Miaka thelathini nasoma kurasa hizi," alisema Jabala. "Nimesoma majina ya masheikh, makadhi na maamiri. Kwa mujibu wa kurasa hizo, katika Iraki yote hakuna mtu aliyewahi kusinzia."

Akaufungua mlango wa nne hali amesimama. Mteja akaja kuuliza wino, hakujibiwa, akaondoka. Jabala akasoma mpaka muadhini akaadhini adhuhuri, na alipoinua uso macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nitawapa wanakili wangu waandike nakala moja," alisema. "Moja tu, kisha tuone."

Mundhir akamshukuru Mola wake na kumshukuru mzee, akageuka aende. Alikuwa amekwisha vuka kizingiti Jabala alipomwita.

"Ndugu yangu, huyu bibi Raita. Humu ndani ninavyo vitabu kumi na viwili vilivyosikilizwa na mji mzima. Hebu kamwulize kama ana nafasi ya kuvisikiliza."

Mwenyezi Mungu awarehemu Mundhir na mkewe. Nasi tunapokataliwa, huinua mikono kumwomba Mola atuletee watu wengi wa kutusifu, na huenda alikwisha kutupa mmoja wa kutuambia kweli, tukamnunia. Atujaalie kumtambua akiwa bado yu pamoja nasi.