Ulimi wa Dobi

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Maana yake, shimo halichagui mguu; ukimchimbia mwenzio, angalia usije ukapita hapohapo. Watu huambiwa haya kila siku na hawasikii, mpaka inachosha.

Zamani za utumwa palikuwa na mwanamke dobi, mtumwa wa mwuza nguo mmoja. Mke wa bwana huyo alipofariki akaacha kichanga, bwana alimwambia dobi, mpishi wa nyumba akisikia, "Nilelee huyu mpaka atembee, nawe utakuwa huru." Basi mtoto akatembea, akakimbia, akang'oka meno ya utoto. Bwana kimya, kama maji ya mtungini.

Dobi akachoka kungoja. Akaenda kwa hakimu na shahidi wake, mpishi.

Bwana akaruka juu. "Mheshimiwa, mpishi naye ni mtumwa wangu! Sheria inasema mtumwa hana ulimi mahakamani. Tukianza kuwasikiliza hawa, kesho mbuzi nao watakuja kushtaki!"

Watu wakacheka. Hakimu, ambaye hata maji yake ya kuoga yalitekwa na watumwa, akaitupa kesi kabla kiti hakijapata joto. Jamani, haki gani hiyo? Dobi akarudi kwenye karo la kufulia, akazisugua shuka za bwana kana kwamba zimemtukana.

Haukupita mwaka, ghala la jirani likateketea mchana kweupe. Jirani akaapa kwamba alimwona bwana akitoka mle na kijinga cha moto. Hapo ni kifungo, na mali yote kwenda kwa jirani.

Uongo mtupu! Mchana ule bwana alikuwa uani kwake, kajifunga shuka kifuani, anasubiri shati lake likauke kwenye kamba. Lakini nani alimwona? Dobi na mpishi, basi.

"Waulize hawa, mheshimiwa!" bwana akalia mahakamani.

"Niwaulize nini?" hakimu akafoka. "Hawana ulimi. Si wewe uliyenikumbusha?"

Bwana akamgeukia dobi, jasho linamtiririka. "Mama, niokoe."

Leo kawa mama!

"Niseme kwa ulimi gani, bwana?" dobi akajibu taratibu. "Ngoja mbuzi waje."

Watu wakaangua kicheko. Bwana akameza mate machungu. "Mheshimiwa, andika. Mwanamke huyu ni huru. Niliahidi mwenyewe, nikakana."

"Na mpishi," dobi akasema.

"Mpishi tena? Yeye sikumwahidi kitu!"

"Shahidi mmoja hatoshi, bwana. Au sheria imebadilika?"

Bwana akamtazama hakimu. Hakimu akatazama dari.

"Na mpishi," bwana akanong'ona.

Ndipo wale wawili wakaisema kweli, yote, hata ile shuka ya kifuani. Bwana akaachiwa. Akarudi nyumbani, akakuta jiko limepoa, karo limefurika nguo chafu. Akaita, wee! Hakuna mtumwa wa kuitika. Akakunja mikono ya shati, akainama, akaanza kusugua.

Aliyechimba ni yeye, na aliyeingia ni yeye: mchimba kisima huingia mwenyewe.