Siwema Hondohondo na Tundu la Mninga

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnajibu kama waliokula ugali mkavu? Paukwa!

Pakawaaa!

Naam, sasa mmeamka! Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa wakioana kwa posa na kuachana kwa kelele, walikuwepo hondohondo wawili, mume na mke. Mke aliitwa Siwema. Mume aliitwa Mwinyi Hondo. Alikuwa na mdomo mkubwa huyo, na maneno makubwa kuliko mdomo.

Walikuwa na tundu lao kwenye mti wa mninga. Walikuwa na mkuyu wao kando ya bwawa, mkuyu waliouotesha wenyewe tangu mbegu. Na walikuwa na makinda wawili, midomo wazi kutwa: Njaa! Njaa! Njaa!

Desturi ya hondohondo mnaijua? Mke akitaka kutaga huingia tunduni, huziba mlango kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu. Mume huenda kutafuta panzi, akarudi, akamlisha mkewe kwenye ufa. Basi ndivyo walivyoishi, msimu hata msimu. Mume puruu! kaenda. Puruu! karudi. Mke ndani.

Lakini mapenzi yakachacha. Panzi akija mdogo, ugomvi. Panzi akija mkubwa, ugomvi. Asubuhi ka-ka-ka! Jioni ka-ka-ka! Majirani wakachoka.

Siku Siwema alipobomoa udongo akatoka, mbawa zimenyonyoka, hata kuruka hawezi vizuri, mumewe akamwambia, "Siwema, nimekuacha. Tundu langu. Makinda wangu. Nenda kwenu."

"Niende na nini, baba watoto?"

"Na mkia wako."

Kisha akamwonyesha gome la mninga. "Gonga mdomo wako hapa. Alama ibaki, watu wajue umeridhika kuondoka bila kitu. Tumalize kimyakimya."

Siwema akalia. Akajitazama, akajiona hana lake. Kazi yake nani aliiona? Alikuwa ndani, mlango umezibwa. Akainua mdomo ili agonge, yaishe.

"Usigonge!"

Nani huyo? Nguchiro, shoga yake, anatoka kichakani mbio, vumbi tifu-tifu-tifu!

"Usigonge, shoga! Mwenye kilio hagongi alama. Umesikilizwa na nani? Umeachwa tawini, talaka gani hiyo? Kuna baraza, kuna hakimu. Twende!"

"Hakimu atanisikiliza mimi, nisiyeweza hata kuruka?"

"Hakimu hasikilizi mbawa. Twende kwa miguu."

Wakaenda. Kwanza barazani kwa Mama Kanga, msuluhishi wa ndoa. Mwinyi Hondo naye akaitwa, akaja amenuna. Mama Kanga akawakalisha, akawabembeleza. "Wanangu, mmekula pamoja. Haiwezekani?"

"Haiwezekani!" akasema mume.

"Haiwezekani," akasema mke, na safari hii hakulia.

Mama Kanga akashusha pumzi. "Kupatana hakulazimishwi. Basi nendeni kwa hakimu, mwambieni baraza limejaribu, limeshindwa."

Hakimu alikuwa Kiboko. Mahakama yake ilikuwa bwawani. Masikio juu, macho juu, mwili wote majini. Wanyama wakajaa ukingoni. Kiboko akapuliza maji, pwaaa! Kimya.

"Mwinyi Hondo, sema."

Mwinyi Hondo akatanua kifua. "Mheshimiwa! Nani alileta panzi? Mimi! Nani alileta kuyu? Mimi! Nani aliruka juani? Mimi! Huyu alikaa ndani tu, anapepewa na kivuli."

Kiboko akageuza masikio. "Siwema. Ulipokuwa ndani, ulilala?"

Siwema akamtazama Nguchiro. Kisha akafungua mdomo.

"Mheshimiwa, udongo wa mlango niliufinyanga mimi. Godoro la makinda ni manyoya yangu, niliyanyofoa mwilini. Mayai niliyalalia mimi. Nyoka alipoleta kichwa kwenye ufa, nilimdunga, to! to! mpaka akaanguka. Mume wangu alikuwa mbali, kwenye panzi. Simlaumu. Lakini sikulala."

Kiboko akasema, "Mwinyi Hondo, kama ndani hapakuwa na mtu, hao panzi ulikuwa ukimpelekea nani?"

Mwinyi Hondo akageuza maneno. "Haya, tundu tutazungumza. Lakini mali nyingine hatuna."

"Na mkuyu?" akauliza Siwema.

"Mkuyu gani? Ule ni wa kaka yangu!"

Kima akaruka kutoka nyuma, shavu limejaa kuyu. "Wa kaka yako? Jana si umenifukuza, 'Shuka mtini kwangu, mwizi wee!' Mpaka ukaning'ata mkia! Mheshimiwa, mkia wangu huu hapa!"

Ukingo mzima ukaangua kicheko. Mamba akacheka mpaka akameza maji. Mwinyi Hondo akainamisha mdomo ule mkubwa mpaka ukagusa tope.

Kiboko akapuliza, pwaaa! "Sikilizeni. Leo talaka imetolewa. Mkuyu mliuotesha wawili, mtagawana wawili: matawi ya mashariki ya mke, ya magharibi ya mume. Makinda bado wadogo, watakaa na mama yao, na tundu litabaki lao. Mwinyi Hondo, utakuja kuwaona, hakuna wa kukuzuia. Na panzi utaleta."

"Nimemwacha, bado nilete panzi?"

"Umemwacha mke. Makinda umewaacha lini?"

Hapo hapo kutoka mningani, ng'ambo ya bwawa, ikasikika: Njaa! Njaa! Njaa! Siwema akageuka kukimbia. Mwinyi Hondo naye akageuka. Ko! Midomo ikagongana. Wakatazamana. Siwema akacheka kwanza. Mwinyi Hondo akajikaza, akajikaza, akashindwa, akacheka naye.

Hawakurudiana, msije mkadhani. Kila mmoja alilala mti wake. Lakini panzi walifika mlangoni kila asubuhi, wanene, na anayewaleta alibisha hodi. Mbawa za Siwema zikaota upya, akaruka kuliko zamani. Na siku makinda walipotoka tunduni kuruka mara ya kwanza, baba alikuwa tawi la huku, mama tawi la kule, wote wawili wanapiga kelele: "Piga bawa, mwanangu! Piga bawa!" Wakaruka! Bwawa zima likashangilia, Nguchiro akacheza mpaka akadumbukia majini.

Wakubwa kwa wadogo, mafunzo yake ni haya: ndoa ikifika mwisho, usiweke alama kwa machozi, na usiondoke kabla hujasikilizwa. Kazi ya ndani ni kazi. Na mume na mke huachana, lakini mtoto haachwi.

Hadithi yangu imetua hapo. Mwenye yake, naye aipe mbawa.