Gari la Chama cha Mazishi

Mlima hulisifu gari, mteremko hulijua. Mmeisikia leo kwenye posa, mzee mmoja akiwajibu waliomsifu mno bwana harusi, nanyi mkauliza gari limeingiaje katika mambo ya ndoa. Chanzo chake si ndoa, ni msiba.

Wataita waliokuwa wakiishi Changamwe walikuwa na chama cha mazishi. Mwenzao akifariki, walimpeleka kwao milimani akalale na wazee wake. Magari ya kukodi yaliwachosha. La mwisho lilizimika katikati ya kupanda, wakabeba jeneza mabegani, wakafika waliokuwa wakiwangoja wamekwisha kutawanyika. Ndipo wakamtuma mwenyekiti wao, Righa, atafute gari la chama: vani ya kubeba jeneza na watu, na kuvuta trela la mahema, viti na masufuria.

Jeneza lile la mabegani lilikuwa la baba yake. Kwa hiyo Righa alitafuta jambo moja tu, gari lisiloshindwa na mlima.

Alipata mawili, jeupe na la kijivu. Wauzaji wakakubali yajaribiwe kwenye barabara ile ile, kila moja likivuta trela la magunia ya mchanga. Jeupe lilipanda kama limeitwa. La kijivu lilipanda likiguna kwa gia nzito, watu wakacheka wakisema hata lenyewe limefiwa.

Righa alikuwa ameshaukamata mkono wa mwuzaji wa jeupe kufunga bei, ndipo shangazi yake Righa, Wakesho, msimamizi wa masufuria ya chama, akamwita.

"Righa, tukishafika huku juu tunafanya nini?"

"Tunazika, shangazi."

"Tukishazika?"

"Tunarudi."

"Na kurudi umekupima?"

Righa akatabasamu. "Kushuka hata jiwe linajua."

"Linajua," akasema Wakesho. "Kusimama ndiko lisikokujua. Tukipanda tunampeleka mmoja, naye hana tena la kuogopa. Tukishuka, ndani tumo sisi."

Ili kumridhisha tu, Righa akapanda jeupe, akaketi kando ya dereva. Shangazi yake akaingia la kijivu. Kabla ya kona ya kwanza Righa alihisi trela likiwasukuma. Dereva akakanyaga breki. Zikashika, kisha zikalegea, harufu ya kuungua ikajaa ndani. Mkia ukaanza kuyumba. Dereva akalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo, likasimama limejikunja, trela limeziba barabara.

Righa alishuka, akatazama juu. La kijivu lilikuwa likija kwa gia ile ile iliyochekwa, polepole, trela likilifuata kama ndama nyuma ya mamaye. Lilisimama mbali kidogo, taratibu. Wakesho alikuwa dirishani, amepakata mkoba wake.

Chama kikanunua la kijivu.

Likawapeleka wengi. Baada ya miaka likampeleka na Wakesho mwenyewe. Siku hiyo, wakirudi kutoka kumzika, vijana waliokaa nyuma walikuwa wakisifu jinsi gari lilivyopanda. Righa alingoja mpaka wakafika chini, kwenye tambarare. Hapo akageuka, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwepo.

"Mlima hulisifu gari," akawaambia, "mteremko hulijua."