Sare ya Maboga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika pilau na kugombania ukoko wake, Kiboko alikuwa na mkahawa mkubwa kando ya mto. Chapati zake tamu. Tabia yake, tobaaa!

Mfanyakazi akichelewesha chai, Kiboko anamkanyaga. Makusudi! Pwaa! Kisha anamtolea karatasi.

"Weka dole gumba hapa," husema. "Hutamwambia ndugu, wala rafiki, wala jirani. Ukisema tu, nyumba yako yangu. Haya, chukua na zawadi, tusilaumiane."

Zawadi yenyewe kipande cha kitambaa chekundu, chenye maboga ya njano.

Bi Kindi alikuwa nacho kipande hicho. Alikuwa pia na mkia nusu. Nusu ya pili ilibaki jikoni kwa Kiboko. Alitia dole, akanyamaza, akajiona yeye tu ndiye mwenye mkosi duniani.

Siku moja mdogo wake, Siwema, akaingia akirukaruka. "Dada, dada! Nimepata kazi!"

"Wapi?"

"Kwa Kiboko! Naanza Jumatatu!"

Bi Kindi akamdaka mkono. "Usiende."

"Kwa nini?"

Bi Kindi akakumbuka lile dole gumba. Akisema, mti huu wanaoishi na mama yao mgonjwa utakuwa wa Kiboko kabla jua halijatua.

"Basi tu," akasema.

"Basi tu si sababu. Una wivu wewe!" Siwema akaenda zake kutafuta aproni.

Bi Kindi akapanda hadi kileleni akalie peke yake. Lakini machozi yalipomtoka, macho yakaona. Huko chini kamba za nguo zimejaa. Kwa Digidigi, maboga. Kwa Kicheche, maboga. Kwa Nguchiro, maboga! Akahesabu vipande, pamoja na chake: tisa!

"Kumbe tuko wengi! Bahili mkubwa we, umetukatia wote jora moja!" Hasira zikampanda, kisha kicheko kikazipanda hasira.

Jumamosi Kiboko alikuwa anamwoza binti yake, Zawena. Na harusi za kule ni sare: kila upande na nguo yake. Ukivaa sare unaitwa mbele ucheze, na aliyekuvisha ndiye anayekutambulisha.

Bi Kindi akakimbia nyumba hadi nyumba. "Shoga, Jumamosi vaa maboga yako."

"Ya nini?" akauliza Digidigi, akificha mguu wake mbovu.

"Tukacheze."

Digidigi akautazama ule mkia. Bi Kindi akautazama ule mguu.

"Nitawahi," akasema Digidigi.

Basi harusi ikanoga! Lilililili! Kasuku, mshereheshaji, akapaza sauti: "Sare ya bluu, upande wa bwana harusi!" Wakacheza. "Sare ya kijani, mashangazi wa bibi harusi!" Wakacheza. "Na... heee! Sare ya maboga!"

Wakatoka tisa. Huyu anachechemea, yule sikio limechanika, yule mkia nusu. Ngoma ikalegea: du... du... du.

"Jamani, nyie upande gani?"

Bi Kindi akanyoosha kidole tu: yuleee, Kiboko.

"Ahaa! Baba bibi harusi, tutambulishie wageni wako!"

Jasho likamtoka Kiboko tiririri. "Siwajui!"

Mke wake akainuka. "Huwajui? Hilo si jora langu nililolitafuta mwaka mzima, Baba Zawena? Kumbe umewagawia wanawake tisa!"

"Sivyo, Mama Zawena!"

"Vipi basi? Wake wenzangu hawa?"

"Hoooo!" wageni wakapiga makofi.

"Wake wenzako wapi! Hao niliwapa wanyamaze!"

"Wanyamaze nini?"

"Kwamba niliwakanyaga!"

Kiboko akauziba mdomo kwa mikono miwili. Mdomo ule, mikono itatosha wapi?

"Wamevunja mkataba!" akabwata. "Nyumba zao zangu!"

"Nani kasema?" akauliza Bi Kindi. "Sisi tulikuja kucheza."

"Umesema wewe, mzee!" akacheka Kasuku. Watu hoi!

Mama Zawena akaenda ndani, akarudi na karatasi zote za dole gumba, akazimwaga mbele ya mgeni mmoja, Mbuzi. Nyam, nyam, nyam.

"Zimepungua chumvi," akasema Mbuzi.

Ndipo Digidigi akasimama, akaeleza siku ile ya mguu wake, mwanzo hadi mwisho, kwa kinywa chake. Hapo hakucheka mtu. Alipomaliza, akaanza Kicheche.

Kiboko akarudi kinyumenyume hadi mtoni. Chubwi!

Siwema, naye alikuwa kati ya wageni, akamwendea dada yake, akaukumbatia ule mkia nusu. "Dada, Jumatatu siendi."

Jueni basi, wanangu: anayemuumiza mtu kisha akanunua kimya chake, yuko njiani kumuumiza mwingine.