Kigoda Nyuma ya Minyaa

Bunduki haimjui mkwe. Mmeisikia leo mkutanoni, mzee Sitta alipowaambia wale wanaotaka kila nyumba iwe na bunduki, na nyinyi vijana mkacheka. Kisha mmekuja kwangu kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Mwaka mmoja zilienea habari kwamba wezi wa ng'ombe wanapita huku kwetu. Hakuna aliyewaona kwa macho yake, lakini hofu haidai ushahidi. Mpita njia akiomba maji, watu walifunga milango. Mzee Lushinge, mtu mpole kabisa, akanunua gobore, akalitundika juu ya kitanda chake. Tangu hapo kila kivuli kwake kilikuwa mwizi.

Siku zile mkwe hakupiga hodi kwa wakweze. Angewezaje, na sauti yake ingemtoa mama mkwe nje wakakutana uso kwa uso? Ilikuwa mwiko mkwe na mama mkwe kutazamana au kusemezana. Alisimama nyuma ya uzio wa minyaa, ameinama, kimya, mpaka mtu wa nyumba amtambue. Hapo mama mkwe alijifunika khanga, na mgeni akapelekewa kigoda. Lushinge mwenyewe alisimama hivyo ujanani mwake mpaka miguu ikafa ganzi. Alilijua hilo vizuri kuliko mnavyolijua nyinyi.

Basi asubuhi moja ya mvua, mkewe, Mama Kabula, alikuwa jikoni akaona mtu kwenye minyaa, amejifunika gunia kichwani.

"Nani hapo?" akauliza.

Kimya. Yule mtu akageuka, akampa mgongo.

Mama Kabula akakimbilia ndani. "Baba Kabula, kuna mtu nje. Nimemuuliza, hajibu."

Mzee tayari alikuwa ameshika gobore. "Anatuvizia huyo."

"Ngoja kwanza! Muulize wewe. Pengine ni mtu wa heri."

"Mtu wa heri hujibu, mama."

Angeuliza yeye, angejibiwa, kwa maana baba mkwe hujibiwa. Neno moja tu! Hakulisema. Alisimama mlangoni, akapiga.

Walipofika kwenye uzio walimkuta Masele, mume wa binti yao Kabula, amelala juu ya kibuyu cha maziwa kilichopasuka. Mama Kabula alisahau khanga, akasahau na mwiko, akamwinua kichwa. Masele akayafumba macho asimtazame. Hata katika hali ile alimstahi.

"Baba," akasema kwa shida, "Kabula amejifungua. Mtoto wa kike. Anamwita mama yake."

Mvua haijakatika, Masele akafariki.

Msibani ndugu za marehemu walimuuliza mzee, "Hukumjua mkweo?"

"Ningemwita, ningemjua," akajibu huku akilia. "Lakini nilimwachia bunduki kazi ya kuuliza, na bunduki haimjui mkwe."

Gobore alilivunja kwa shoka. Lingevunjwa mara mia, lisingemrudisha mtu. Kabula hakukanyaga tena nyumba ya baba yake. Ikawa mzee ndiye anayekuja kwa binti yake. Hakupiga hodi. Alisimama nyuma ya minyaa yetu, ameinama, kimya, jua liwake au mvua inyeshe. Mama alimwona, akaendelea kutwanga.

Ndiyo, nimesema minyaa yetu. Mtoto aliyezaliwa siku ile ni mimi. Nilipopata nguvu za kubeba kigoda, nilimpelekea babu. Hakuwahi kukikalia. Alikishika tu kile kigoda kwa miguu yake ya mbao, akauliza, "Mama yako hajambo?" Kisha akaondoka zake. Alikufa hajaambiwa karibu, na mama naye alijuta hilo mpaka kaburini.

Basi kesho mkirudi mkutanoni, semeni mtakalo. Wezi wapo, sikatai. Lakini mtu akisimama kimya mlangoni kwako, fungua kinywa kwanza, umuulize. Bunduki haimjui mkwe.