Maswali ya Nyuma ya Darasa

"Asikiaye kwa macho hasemeshwi kisogoni." Mmemsikia mpishi akimkemea hivyo kiranja aliyekuwa akitoa matangazo nyuma ya foleni ya uji, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, katika shule hii hii.

Alikuwepo msichana wa kidato cha pili, Oresta, mtoto wa wakulima wa chai. Homa ya uti wa mgongo ilimpata akiwa darasa la sita, ikamwachia uhai, ikaondoka na masikio. Alibaki kusikia mvumo tu. Maneno aliyasoma midomoni mwa watu, na alikuwa hodari kwelikweli. Shule ikampa dawati la mbele kabisa, ikajiona imemaliza kazi.

Mwalimu wa kemia, Mligo, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ugonjwa wake: hakumwamini mwanafunzi yeyote. Maswali ya mtihani hakuyaandika ubaoni. Aliyasoma akitembea, moja akiwa mbele, linalofuata akiwa nyuma kabisa, ili wezi wa majibu wasijue yuko wapi. Aliyegeuza shingo alinyang'anywa karatasi. Basi Oresta akawa anapata swali moja, linalofuata linampita.

Mara tatu mfululizo alipata tano kwa kumi. Mligo akamwita ofisini.

"Binti, wewe unajibu yale unayoyapenda tu," alisema. "Jumatatu napeleka orodha ya wanaoondolewa mchepuo wa sayansi. Jina lako limo."

Oresta alitaka kuwa mfamasia kuliko alivyotaka kitu chochote duniani. Mwaka mzima alikuwa amenyamaza, akiogopa kuitwa mzigo. Siku hiyo aliogopa zaidi kunyamaza.

"Samahani, mwalimu. Nilizoacha ni namba gani?"

Mligo akapekua karatasi zote tatu. "Mbili, nne, sita, nane, kumi." Akapekua tena. "Zote hivyo hivyo."

"Na hizo ulizisomea wapi, mwalimu?"

Mligo akazitazama tena zile namba. "Nyuma," akasema.

"Mimi kisogoni sina macho, mwalimu."

Mligo aliona aibu, aibu ya mtu mzima mbele ya mtoto, na hakuna inayouma kama hiyo. Akavuta kiti, akaketi akimtazama usoni, akasoma swali la pili. Oresta akajibu. La nne akajibu. La sita pia. Walipofika la nane, binti akakuna kichwa.

"Hili silijui kweli, mwalimu."

Wakacheka wote wawili. Jina lake likafutwa pale pale.

Tangu hapo Mligo akawa anasimama mbele, uso kwa darasa, na maswali akiyaandika ubaoni. Wezi wa majibu walifurahi wiki mbili tatu, basi, naye akavumilia.

Kisha akaja mwalimu mgeni wa hesabu, Bi Sanga. Siku ya kwanza tu akaanza kufundisha huku akizunguka nyuma ya madawati. Mligo, aliyekuwa akipita nje, akasimama mlangoni akamwita. Oresta alisikia mvumo tu, lakini mlango ulikuwa mbele yake, na maneno aliyasoma yote, moja baada ya jingine, mdomoni mwa mwalimu wake:

"Mwenzangu, asikiaye kwa macho hasemeshwi kisogoni."