Mama Mfalme Hakuwekewa Kiti

Watu watatu walikuwa wamepiga magoti kwenye jukwaa kuu, wanabana vitambaa vyeupe kwenye viti, pini zimejaa midomoni, redio ya askari ilipotangaza kwamba wageni wameshavuka daraja. Wamewahi. Na safu ya nyuma ilikuwa bado haijavikwa.

Tuwajue kwanza hao watatu. Mwanakombo alikuwa na jicho: mtu akishuka garini, yeye alijua cheo chake hata kama amevaa ndala. Shemdoe alikuwa na ulimi. Aliweza kumwondoa mkubwa kwenye kiti alichokwisha kukikalia, na mkubwa akamshukuru. Kalunde, aliyekuja tu kusaidia viti kwa kuwa watu hawakutosha, aliongoza bendi ya polisi. Akiinua mkono, hata mtoto mgongoni hunyamaza.

Siku hiyo Rais wa Ndaro alikuwa anampokea Waziri Mkuu wa ufalme wa Kizere, watie saini kufungua mpaka. Mpaka ulifungwa ghafla siku ya gulio. Waliokuwa wamevuka kununua samaki walibaki hukohuko, na huu ulikuwa mwaka wa nne. Watoto walioachwa kwa jirani kwa nusu saa walikuwa wameshaanza shule.

Sasa, Kizere wana desturi yao. Mama Mfalme hutangulia wote isipokuwa mwanawe, mfalme mwenyewe. Akifika mahali asikute kiti chake, hugeuka akaondoka, na akigeuka haitwi tena. Wala ujio wake hautangazwi, maana kuutangaza ni kama kumwombea ruhusa. Ndaro waliona kimya, wakadhani haji. Hawakumwekea kiti.

Magari yakasimama mbali, mwanzo wa zulia. Akashuka Waziri Mkuu, wakashuka majenerali, na katika gari la mwisho akashuka bibi mwembamba aliyejifunga shuka la kijivu. Askari akataka kumwelekeza kwenye hema la wapishi.

"Mwache," Mwanakombo akasema. "Tazama miguu ya Waziri Mkuu. Hajapiga hatua hata moja. Anamsubiri yule. Ni Mama Mfalme."

Shemdoe akatazama viti. Kiti cha kulia kwa Rais, mahali pa mgeni mkubwa, kiliwekwa kwa ajili ya Waziri Mkuu. Yeye akisogezwa kiti kimoja, lazima safu nzima isogee, kuanzia kwa Spika wa Ndaro, mtu ambaye aliwahi kususa harusi ya mpwawe kwa kuketishwa nyuma ya nguzo.

Shemdoe akamwinamia Spika, aliyekwisha kuketi. "Mheshimiwa, Mama Mfalme amekuja. Inatakiwa mtu wa kumpisha kwa niaba ya wananchi wote. Nimeona aibu kumwomba mwingine kabla yako."

Spika akatengeneza koti. "Umefanya vizuri kuanza na mimi," akasema, akanyanyuka. Jaji Mkuu alipoona Spika amesimama, naye akasimama, na mawaziri wakamfuata.

Lakini bibi alikuwa ameshaanza kutembea, na safu nzima ilikuwa wima, kila mkubwa anatafuta kiti chake kipya. Kalunde akakimbilia bendi yake, akainua mkono, akapiga wimbo wa taifa wa Kizere.

Bibi akasimama palepale, kama inavyotakiwa. Bendi ilijua ubeti mmoja tu. Kalunde akaupiga kwa tarumbeta, akaurudia kwa filimbi peke yake, polepole, kisha akashusha vyombo vyote, askari wake wakauimba kwa midomo iliyofumbwa. Uwanja mzima haukukohoa. Bibi alifumba macho, na majenerali wa Kizere wakavua kofia, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya nje ya kwao. Watu waliokuwa pale mpaka leo wakilisimulia hushusha sauti.

Alipofumbua macho, kiti kilikuwa wazi. Akatembea, akaketi. Ndipo wote wakaketi, kama mtu mmoja. Kabla ya adhuhuri mpaka ulikuwa wazi.

Rais akatoa Nishani ya Taifa. Mwenye nishani hiyo huketi mara tu baada ya wakuu wa nchi, mbele ya mawaziri, maisha yake yote.

"Wape wote watatu," akasema.

"Haiwezekani, Mheshimiwa," akajibu mkuu wa itifaki. "Kila mahali ni pa mtu mmoja. Tukiwaweka watatu, kesho mawaziri watabanana kwenye kiti kimoja."

Watatu wakatazamana.

"Bila jicho langu, bibi angekuwa anamenya viazi," Mwanakombo akasema.

"Na jicho lako lingemwinua Spika?" Shemdoe akauliza.

Kalunde akacheka. "Ongeeni tu. Bibi angekuwa ameshageuka, wewe bado unamwita yule mheshimiwa."

Jioni ikafika, na karamu ya taifa. Pilau imepakuliwa, mbuzi amekatwa, Mama Mfalme yuko mezani na Rais. Mkuu wa itifaki amehesabu watu na wote wapo. Mawaziri wamesimama nyuma ya viti vyao, kwa sababu wa chini haketi kabla ya wa juu yake, na kiti cha mwenye nishani hakina mtu. Wale watatu wako mlangoni, wamevaa vizuri, wanasubiri jina moja liitwe. Chakula kinapoa.

Haya, wewe uliyesikiliza: ungemwita nani akaketi?